Misali hakai mtu, lakini ina wenyewe

Kisiwani Misali hakuna mtu anayekaa. Hakuna nyumba, hakuna kisima, hakuna shamba. Ni jiwe la matumbawe lenye msitu juu yake, eneo lake lote halifiki kilomita moja ya mraba, magharibi ya Chake Chake, pale maji ya Pemba yanapoacha rangi ya kijani na kuanza buluu nzito ya mkondo. Kwa boti ya mashine kutoka Wesha, pwani ya Chake Chake, ni kama saa moja. Kwa tanga ni upepo utakavyotaka. Wageni wakikiona husema ni kisiwa kitupu. Neno hilo nimelisikia mara nyingi, hata kwa ndugu zetu wa Unguja, na kila nikilisikia hunichoma, kwa sababu mimi Misali imenilea sawa na skuli na chuo cha Qur'ani.

Ami yangu, ndugu yake baba, alikuwa mvuvi wa mshipi na madema, yaani mitego ya samaki. Nilipomaliza skuli, na matokeo yasiwe ya kunipeleka mbali, alimwambia baba, "Niachie huyu, nimpeleke dago." Kwa asiyeijua pwani yetu, kwenda dago ni kuhama na chombo, sufuria, mchele na chumvi, mkapige kambi ufukweni mbali na kwenu, mvue kwa bamvua moja (siku za maji makubwa, mwezi mwandamo au mpevu) au zaidi kadiri bahari itakavyotoa. Samaki wabichi hupelekwa bara ya Pemba na chombo kinachorudi, wanaobaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa wakawa ng'onda. Misali ni dago la wavuvi wa pwani yote ya magharibi tangu enzi za mababu. Usiku mmoja unaweza kukuta watu wa Wesha, wa Mkoani na wa Wete wamekaa kwenye moto mmoja, kila mmoja na maneno yake ya kijijini kwao.

Dago, jambo la kwanza ni maji. Jiwe la Misali halishiki mvua. Ikinyesha inazama kwenye nyufa papo hapo, na ukichimba mchangani unapata chumvi. Kila tone la kunywa linatoka Pemba ndani ya madumu. Ami alikuwa na kata ya kifuu cha nazi, mpini wake umefungwa kwa kamba ya usumba iliyokwisha kuwa nyeusi kwa kushikwa. Kata hiyo ilikaa juu ya dumu lililofunguliwa, na lililofunguliwa lilikuwa moja tu. Mengine yalifukiwa nusu mchangani chini ya kivuli cha mti, vifuniko vimekazwa. Vyombo tulisugua kwa mchanga na maji ya bahari. Kukoga baharini, udhu baharini, na hapo mzee mmoja wa kambi alitukumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba maji ya bahari ni tohara, asije kijana akajitia uchamungu kwa maji ya kunywa ya wenzake. Wali ulipikwa kwa maji matamu yaliyotiwa ya bahari kidogo, ndiyo chumvi yake.

Hakuna aliyelinda madumu yale. Kijijini kwetu mtu hufunga kufuli hata banda la kuku, lakini pale watu wa vijiji mbalimbali walilala hatua chache kutoka kwenye maji ya wenzao na hakuna kilichopungua. Ami hakuwahi kunihubiria habari ya kuiba. Alichokifanya, kila mara, ni kumpa mgeni kata kabla ya kunywa mwenyewe. Kuna siku chombo cha watu wa Mkoani kilifika madumu yao yamepasuka, wimbi limewapiga njiani. Ami akawapa dumu zima, hata kuuliza watarudisha lini hakuuliza. Mimi nilikaa na hesabu kichwani mpaka usiku, nikamwambia, "Ami, na sisi je?" Akanijibu, "Mwanangu, leo bahari imechagua madumu yao." Akageuka akalala. Tulipunguza kata za chai, mambo yakaenda.

Nimekuwa mchuuzi wa samaki kwa miaka mingi sasa, nimeshughulika na wakopeshaji, madalali, watu wa barafu na watu wa boti, na bado sijaona mkataba ulioandikwa ukashikwa vizuri kama ule wa madumu ambao haukuandikwa. Nadhani ni kwa sababu pale kila mtu aliliona dumu la mwenzake kwa macho yake. Mjini hatuonani madumu.

Somo jingine ni la upepo, na hili ningependa vijana wa siku hizi wenye mashine walisikie. Kwenda Misali kutoka Wesha ni rahisi, na urahisi huo ndio wa kuogopwa. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili zina mashariki ndani yake, na Misali iko magharibi. Alfajiri kuna umande, upepo wa nchi kavu, unajaza tanga mkiwa bado mnapikicha macho, na chombo kinakwenda chenyewe. Kurudi ni bisho, kwenda kinyume cha upepo. Mtapiga bisho huku na bisho huku, tanga linagombana na foromali, mti unaolibeba, maji yanaingia, na jua linazama nyuma yenu bila haya. Magharibi ya kisiwa, mwamba unakatika ghafla na kuangukia mkondo wa Pemba wenye kina cha mamia ya mita, hakuna pa kutia nanga huko. Chombo kikishindwa kurudi, kinachokingojea ni bahari tupu mpaka pwani ya Tanga.

Kwa hiyo ami hakung'oa nanga Wesha kabla ya kupanga kurudi. Chakula cha siku za ziada kilikuwemo hata kama mbingu zilikuwa safi. Na alijua maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi na hupwa kiasi cha saa nne, kisha kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwenye bamvua kubwa tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Ami hakuwa na saa ya mkono. Swali lake la kwanza alfajiri lilikuwa, "Leo mwezi ngapi?" na aliyoiulizia ni tarehe ya mwezi wa Kiislamu, si wa kalenda ya ukutani. Akijibiwa, alitulia kidogo, vidole vinatembea juu ya goti, kisha alisema saa ya kuondoka ili maji yanayojaa yaingie nasi ghubani mwa Chake. Leo simu inakuonyesha upepo wa siku nzima, na mimi naitumia, lakini simu haikuulizi kama umebeba chakula cha kubaki.

Ukishuka Misali upande wa ufukwe wa Mbuyuni, unakanyaga mchanga mweupe laini, na hapo ndipo wageni wanapopigia picha zao. Zunguka kidogo tu, ufukwe unakwisha na jiwe linaanza. Maji yamelila kwa chini miaka na miaka, juu limebaki limening'inia, na uso wake umechongoka kama grata ya nazi. Miguu mitupu haina kazi pale; sisi tulivaa makubadhi ya matairi. Kidonda cha matumbawe ni kidogo kwa macho lakini hakiponi upesi, na dago mtu mwenye kidonda mguuni ni mtu asiyeweza kusukuma chombo. Ami alitazama nyayo za vijana wake kila jioni, mmoja mmoja, tumekaa tumenyoosha miguu mbele ya taa, anabonyeza, anauliza, anasafisha kwa maji ya chumvi na kipande cha ndimu. Sijui nahodha gani wa leo anayetazama nyayo za mabaharia wake.

Msituni kuna mapango. Waganga wamekuwa wakiyaendea tangu zamani, wanaacha ubani na sadaka zao. Mashekhe hawakuupenda mwenendo huo na wavuvi wengine waliuogopa, lakini wote walikutana kwenye jambo moja: pale hapapigwi kelele na hapakatwi mti. Wazee husimulia vilevile kwamba Nabii Hadhara aliwatokea wavuvi kisiwani akaomba msala, mkeka wa kusalia, asali. Hawakuwa nao. Akakitazama kisiwa kilivyoelekea kibla, akasema hicho ndicho kitakuwa msala wake. Wageni wanaipenda zaidi hadithi ya William Kidd, haramia aliyenyongwa London mwaka 1701, ambaye ati alizika hazina yake Misali. Katika maisha yangu yote sijamwona mvuvi aliyechukua jembe kumtafuta Kidd, lakini nimewaona wengi wakivua viatu wanapopita karibu na pango. Mtu aliyefundishwa kwamba anakanyaga msala wa mtu mwema, hata kama hana uhakika na hadithi, hatupi taka ovyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuja habari kwamba kisiwa kimekodishwa kwa mwekezaji ajenge hoteli. Wakati ule nilikuwa kijana wa kumwaga maji chomboni, sikuwa na sauti barazani, lakini nilikaa ukutani nikasikiliza. Hoja ya waliokuwa wakiutetea mpango ilikuwa nyepesi na ilionekana haina jibu: pale hakai mtu, kwa hiyo hahamishwi mtu. Ami alisimama, na yeye si msemaji. Alisema, "Hata shamba la karafuu halilali mtu. Mbona lina mwenyewe?" Akakaa. Katika kisiwa kinacholima karafuu kama Pemba, sentensi hiyo haihitaji kufafanuliwa. Unakwenda shambani msimu wa kuchuma, unapanda, unachuma, unarudi kuanika. Miezi mingine miti imesimama peke yake na hakuna anayethubutu kuiita mitupu.

Wavuvi walipinga, wakaungwa mkono na watu wa mazingira, hoteli haikujengwa. Mei 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, na wavuvi wakapata jumuiya yao, MICA, ya kuendesha mambo pamoja na serikali. Uvuvi haukukatazwa, madago yakabaki. Kilichofungwa ni sehemu ya mwamba upande wa magharibi, hapo havui mtu yeyote, na zana za kuharibu zikapigwa marufuku kisiwa kizima: baruti, sumu, kuburura nyavu za majuya juu ya matumbawe. Sehemu ya kiingilio cha watalii ilipangwa irudi vijijini. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa, ukanda wote wa magharibi wa Pemba ukaingizwa katika Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, ambalo sisi tunaliita PECCA.

Nisimulie kama ilivyokuwa: ami aliichukia ile sehemu iliyofungwa. Palikuwa na mahali pake pa chewa, alipopajua kwa kulinganisha mti fulani na kilima cha Pemba nyuma yake, maarifa aliyopewa na baba yake. Kuambiwa asishushe ndoana hapo ni sawa na kunyang'anywa urithi. Alinung'unika msimu mzima. Kisha akafanya jambo la kivuvi: akaanza kuweka madema yake mpakani, nje kidogo ya mstari, akaangalia. Hakusema neno. Lakini madema yale hakuyaondoa tena pale, na tulipokuwa tukiyainua niliona mwenyewe changu na tasi wa kimo ambacho kwengine tulikuwa tumekisahau. Samaki hajui mpaka. Akinenepa ndani, wengine watatoka. Wataalamu wana maneno yao ya kulieleza hilo, ami alikuwa na madema.

Mwaka huohuo wa 1998 ulikuja na balaa jingine. Joto la bahari lilipanda kwa sababu ya El Niño, na matumbawe yakageuka meupe sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, Misali ikiwemo. Nilizama na miwani ya mbizi upande ambao niliujua vizuri. Kawaida pale kuna rangi ya kahawia, zambarau, kijani, vitu vinapepea. Nilikuta weupe, matawi yamesimama yote kwa umbo lake lakini hayana rangi, na samaki wanapita katikati yake kama kawaida, na huo ukawaida wao ndio ulioniogopesha. Barazani wengine walisema ni sumu, wengine baruti, wengine wakasema chombo cha wageni kimemwaga kitu. Baadaye tulielezwa: ndani ya tumbawe wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wao ndio wanaolilisha na kulipa rangi, joto likizidi, tumbawe linawatoa, linabaki na njaa, na hali ikiendelea linakufa.

Hatukuwa na uwezo wowote juu ya joto lile. Mvuvi wa Wesha hawezi kuipooza bahari. Lakini nilielewa jambo ambalo limenikaa mpaka leo: mwamba uliokufa ukabaki umesimama, na wenye pono na tasi wa kuula mwani unaoufunika, una nafasi ya kuota upya. Mwamba uliolipuliwa ukawa kifusi hauna nafasi hiyo kwa miaka mingi mno. Kwa hiyo mwenye baruti hali samaki wa leo tu. Anaondoa ngazi ambayo mwamba ungepandia kurudi. Kila nikisikia mtu anasema "bahari yenyewe inaharibika kwa tabianchi, sisi tufanye nini," nakumbuka hilo, na huwa nagombana naye mpaka chai inapoa.

Hapo ndipo ninapowashukuru watu wa misikiti. Mwaka 1999 alikuja Zanzibar Fazlun Khalid, wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Uingereza, wakaendesha semina juu ya namna Qur'ani inavyozungumzia viumbe na dhamana ya binadamu juu yake. Sisi wavuvi hatukuwa semina, lakini maneno yalitufikia kwa mlango tuliouzoea, khutba ya Ijumaa. Aya ya Sura ya Rum, ile inayosema kwamba uharibifu wa bara na baharini umetokana na mikono ya watu, wengi wetu tuliihifadhi chuoni tangu utotoni. Nilikuwa naisoma miaka yote bila kufikiria kwamba "baharini" ni pale, nyuma ya Misali. Khatibu wetu aliisoma polepole, akataja baruti kwa jina lake, akanyamaza. Msikiti mzima tulijua macho yetu tusiyaelekeze wapi.

Nazungumza kama mfanyabiashara: boti ya doria inahitaji mafuta, na mafuta yakikosekana doria haipo. Mvuvi anajua siku ambazo boti haina mafuta. Dhamiri haiendi kwa petroli. Sisemi sheria haina kazi. Nimeona wavunjaji sugu ambao khutba elfu haziwagusi, na hao wanahitaji askari. Lakini wengi wa watu wazima niliowaona wakiacha zana mbaya waliacha kwa haya na kwa imani, pengine pia kwa sababu watoto wao walianza kuuliza nyumbani.

Kuhusu kasa nitasema zaidi kidogo, maana kuna msiba ndani yake. Wanapanda Misali usiku kutaga. Mara ya kwanza nilipomwona, ami alizima taa, akatukalisha mbali, chini ya upepo. Kasa alipanda kwa taabu, anavuta, anapumzika, pumzi yake inasikika ukiwa umekaa hatua nyingi kutoka kwake. Alichimba kwa mapezi ya nyuma, moja linachota mchanga na kuutupa, jingine linangojea zamu yake, shimo linashuka limenyooka kana kwamba limepimwa. Mayai yalikuwa meupe, laini, yanaanguka mawili mawili, yanang'aa kwa ute. Kiota kimoja huwa na mayai 100 au zaidi, na huanguliwa baada ya kama miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua wawe madume au majike. Wazee wengi waliotangulia waliyala mayai yale bila kuona ubaya, na mimi siwahukumu. Ami aliacha, na siku ile hakutuambia tusiguse. Alikaa kimya mpaka kasa akarudi majini, nasi tukakaa kimya naye.

Nyama ya kasa ni jambo jingine. Wakati mwingine huwa na sumu, inayodhaniwa inatokana na vitu alivyokula kasa mwenyewe, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala huioni kwa macho. Novemba 2021 walikufa watu 7 hapa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, walikufa watu 9, wanane kati yao watoto. Wanane. Watoto ndio wanaoumia zaidi, hata wanaonyonya wanaweza kudhurika kupitia maziwa ya mama. Nimeishi na mila ya kula kasa tangu nimezaliwa, najua jinsi inavyopendwa kwenye karamu, na bado namwomba kila anayesoma hapa ambaye ana ndugu visiwani: mpigie simu, mwambie. Usimwambie ni kosa kisheria tu, ingawa ni kosa. Mwambie kuhusu watoto wa Panza.

Panza hiyohiyo imetoa mfano ninaoupenda. Wavuvi wao wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba wa pweza kwa miezi michache kwa makubaliano ya kijiji, kisha wanafungua siku moja watu wote, wanawake na wanaume, wanashuka na vijiti vyao. Pweza hukua haraka mno, miezi hiyo michache inatosha kumgeuza kitoweo kidogo kuwa mnyama wa kupima kwa mizani. Kama mchuuzi nasema bei ya pweza mkubwa na ya kipweza si moja, na mnunuzi wa mjini anajua kuchagua. Wenyewe ndio waliofunga, wenyewe ndio waliofungua. Sikusikia kelele nyingi za wizi katika mwamba uliofungwa namna hiyo kama ninazozisikia pale mstari unapochorwa na mtu ambaye hajawahi kulala dago.

Ami amefariki, Mungu amrehemu. Madago yamebadilika: taa za jua badala ya karabai, mashine badala ya tanga, vijana wenye simu wanaouza samaki kabla hawajafika bandarini. Sioni ubaya. Kinachonisumbua ni jinsi maamuzi ya Misali yanavyozungumzwa siku hizi, ofisini, ukumbini, kwenye karatasi zenye ramani ambapo kisiwa kimepakwa rangi moja na hakuna alama ya mahali pa madumu, pa kuanika ng'onda, pa kupitishia chombo maji yakipwa. Nimehudhuria mikutano ya wadau ambapo viti vya wavuvi vilikuwa vitupu, na msemaji akasikitika kwamba wavuvi hawana mwamko. Mkutano ulikuwa umeitishwa saa tatu asubuhi katikati ya bamvua. Wavuvi wa miguu walikuwa mwambani, wavuvi wa madema walikuwa wanayainua, na maji hayangewangoja.

Nimependekeza kwa wanaohusika, na napendekeza tena hapa. Mwenye kutaka kuwasikia wavuvi wa Misali aangalie mwezi kabla ya kuandika barua ya mwaliko. Wenye karabai na taa za dagaa hushinda na kulala nyumbani usiku wa mbalamwezi, maana mwanga wa taa haufui dafu mbele ya mwezi mpevu. Wa pweza na wa miguu hupumzika maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa wa siku saba hadi tisa, na tena ishirini na moja hadi ishirini na tatu. Hakuna siku moja inayowafaa wote, kwa hiyo mikutano iwe miwili, na iwe Ijumaa baada ya sala, Wesha au Mkoani, chini ya mti, kwa Kiswahili cha watu. Na wale wanaochora ramani walale usiku mmoja Misali, wakiwa wamebeba maji yao wenyewe.